Panzi Asiyeruka Sawasawa

Wagonjwa walimwita Mama Vidole, na jina hilo lilimganda mpaka hata mganga mkuu alishawahi kuliandika kwenye barua ya kikazi. Kazi yake ilikuwa kuirudishia mikono ya watu uhai. Mtu akivunjika kifundo, akikatwa na mashine au akiungua, daktari humshona, bandeji hutolewa, na bado mkono hubaki mgumu kama kipande cha ubao. Hapo ndipo mgonjwa alipopelekwa kwa Mama Vidole, chumba cha mwisho ghorofa ya chini, chenye mlango unaokwaruza sakafu. Ndani mlikuwa na meza mbili, mabeseni ya maji ya uvuguvugu, mipira ya sponji, na kapu zima la vibanio vya nguo.

Vibanio ndivyo vilivyomletea maneno. Fundi cherehani mmoja, mama wa miaka sitini na ushei aliyeteleza bafuni akavunjika mkono, alivitazama siku ya tatu akasema, "Mwanangu, mimi nimelea watoto sita na kushona sare za shule nne. Leo hii nikae hapa nikibana kamba isiyo na nguo?"

Mama Vidole alicheka, lakini maneno yale alienda nayo nyumbani. Miaka ishirini kazini ilikuwa imemfundisha kwamba wagonjwa huvumilia maumivu kuliko wanavyovumilia kuchoshwa. Mtu atakunja kidole kinachouma huku machozi yanamtoka, ila umwambie akikunje mara mia kila siku, kesho ana msiba, keshokutwa mvua imemzuia. Na watu haohao, kila alipopita kwenye mabenchi ya kusubiria, aliwakuta wanacheza gemu kwenye simu, vidole vinakwenda mbio, wala hakuna anayelalamika.

Basi akiwa na miaka arobaini na sita, mtu ambaye mpaka siku hiyo kompyuta kwake ilikuwa ya kuandikia ripoti tu, akaamua kutengeneza gemu. Alijifunza kwa masomo ya bure ya mtandaoni, saa moja kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, laptopu juu ya meza ya jikoni na chai inapoa pembeni. Mumewe, fundi wa magodoro, alikuwa akipita na taulo begani kwenda kuoga, anauliza, "Imekubali?" Naye anajibu, "Imekataa." Kwa miezi mitatu ya mwanzo hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya asubuhi.

Mwenye utani alikuwa shemeji yake, mdogo wa mume, fundi simu.

"Shemeji, wanawake wa rika lako wanafuga kuku."

"Kuku wanataka mtu mwenye subira. Mimi subira yangu yote umeimaliza wewe."

Lakini ni huyohuyo aliyemtengenezea kitufe. Alichukua swichi kutoka kibodi kuukuu, akaifunika kwa duara la sponji nene, upana wa kisahani cha kikombe, na waya mrefu wa kuchomeka kwenye kompyuta. Ukikibonyeza kwa kidole kinaitika, ukikibonyeza kwa ngumi kinaitika.

Gemu yenyewe haikuwa na mambo mengi. Panzi wa kijani anakimbia mwenyewe juu ya mapaa na kuta za mji. Kazi ya mchezaji ni kumrusha tu. Ukigusa kitufe anaruka kidogo. Ukikibana na kukishikilia anaruka juu zaidi, kwa sababu Mama Vidole alitaka misuli ijifunze kubana na kudumu. Angani wanazunguka kunguru, wanamsubiri aanguke. Fundi cherehani alipoiona mara ya kwanza alisema, "Aa, vita vya panzi, furaha ya kunguru!" na siku hiyo ilibidi abembelezwe ili ampishe mgonjwa mwingine.

Chumba kikachangamka. Waliokuwa wakikosa siku zao wakaanza kufika kabla ya saa. Mama Vidole akawa anatembea kwenye ukumbi kama mtu aliyejifungua pacha.

Ndipo akaja mwashi.

Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na nane, mabega mapana, maneno machache. Mashine ya kukatia vigae ilikuwa imempitia kiganjani, mkono wa kulia, na mishipa ya vidole vitatu ilibidi iunganishwe na kushonwa. Siku ya kwanza aliuweka mkono ule mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Daktari, mimi shule sikwenda mbali," alisema. "Mkono huu ndio cheti changu."

"Mimi si daktari, kaka yangu. Ila cheti chako tutakitafuta."

Kwenye sponji alifanya vizuri. Kwenye maji ya uvuguvugu alifanya vizuri. Kwenye gemu kukawa na tatizo. Kulikuwa na ukuta wa nne, mrefu kuliko mingine, ambao panzi hawezi kuuvuka mpaka kitufe kishikiliwe sawasawa. Mara mwashi anauvuka, mara panzi anaruka nusu, anajigonga, kunguru wanashuka. Wakati mwingine yalitokea yote mawili ndani ya dakika moja.

"Nimebana, daktari."

"Umebana, lakini umeachia mapema. Shikilia."

"Nimeshikilia."

"Basi kaza zaidi."

Akakaza mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso. Panzi akaanguka.

Ilikuwa hivyo kwa siku tisa. Siku ya tisa mwashi aliondoa mkono kwenye kitufe, akautazama kama mtu anavyomtazama ndugu aliyemwaibisha mbele za watu. "Dakika hii unanitii, dakika ijayo haunitii," aliuambia. Kisha akamgeukia Mama Vidole. "Nitapanda vipi jukwaani na mkono wa namna hii? Nikimdondoshea mtu tofali la kichwa?"

"Ni mapema mno kukata tamaa."

"Sijakata tamaa. Nimeona."

Akavaa koti lake, mkono mmoja mmoja, akatoka. Alhamisi hakuja. Jumatatu hakuja. Simu yake iliita mpaka ikakata.

Mama Vidole aliandika kwenye faili, "Mgonjwa ameacha," akalisukuma pembeni. Lilimuuma, ila hakushangaa. Wagonjwa wa aina hiyo alishawaona. Ukweli aliujua wiki tatu baadaye, tena kwa bahati. Muuguzi mgeni alikuwa amepangiwa chumba chake, na saa nne asubuhi, mgonjwa wa saa hiyo akiwa hajafika, Mama Vidole akaketi amwonyeshe jinsi gemu inavyochezwa.

Panzi akavuka ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne akajigonga.

"Nimeteleza," alisema, akaanza upya.

Akajigonga tena. Mara ya tatu alibana kitufe kwa kiganja kizima, mkono mzima usio na kovu wala mshono, mkono uliokanda vidole vya watu kwa miaka ishirini. Panzi akainuka nusu ukuta, akarudi chini.

Muuguzi alicheka. Mama Vidole hakucheka. Alikuwa akikumbuka sauti yake mwenyewe: kaza zaidi. Saa nne asubuhi ndiyo iliyokuwa saa ya mwashi, siku zote tisa.

*

Nyumbani, kwenye laptopu yake, panzi aliruka bila kosa hata moja. Hicho ndicho kilichokuwa kimemponza. Gemu aliitengenezea nyumbani, akaijaribia nyumbani, na hospitalini alikuwa akiifungua tu na kuwaachia wagonjwa.

Akaamua kupima, kama alivyozoea kupima vidole. Alibandika kipande cha seloteipu kwenye kioo cha laptopu, pale kichwa cha panzi kinapofika anaporuka juu kabisa, kisha akaruka mara hamsini, na kila mruko akauandika kwenye daftari. Nyumbani, mara zote hamsini panzi aligusa seloteipu. Akapeleka seloteipu yake hospitalini. Saa mbili asubuhi, wakati wa fundi cherehani, karibu miruko yote iligusa. Saa nne akaruka tena hamsini. Safari hii alama zilitawanyika daftarini kama shanga zilizokatika uzi: mmoja juu, mmoja katikati, mwingine chini kabisa.

Kompyuta ya chumba kile ilikuwa imerithiwa kutoka masjala. Alipomwuliza karani wa masjala, karani alimjibu bila hata kuinua macho, "Saa nne? Saa nne tunanakili mafaili yote kupitia mashine zile za zamani. Yako ikiwemo. Kwani inakusumbua?"

"Inasumbua panzi wangu."

Karani akainua macho.

Jioni alimpitia shemeji yake kibandani na kumweleza. Shemeji alikuwa na jibu tayari. "Mashine imechoka, shemeji. Mwongezee panzi nguvu, yaishe."

Akamwongezea. Saa nne hospitalini panzi akaanza kuvuka, si haba. Lakini kesho yake jikoni alipobonyeza, panzi alipaa, akawapita kunguru, akatoka juu ya kioo na hakurudi tena. Mumewe, aliyekuwa anapita na taulo lake, akasimama kutazama mahali alipopotelea. Na shemeji alipoonyeshwa, alicheka mpaka akashika meza. "Huyo si panzi tena. Huyo ni helikopta."

Basi nguvu haikuwa dawa. Mama Vidole akazirudia hesabu za mwanzo, akaanza kuisoma programu yake mstari kwa mstari, kidole juu ya kioo, kama mtoto anayejifunza silabi. Ilimchukua asubuhi nne kuona.

Gemu, kama sinema, ni picha zinazofuatana upesi. Laptopu yake ilichora picha sitini kila sekunde. Kompyuta ya hospitali, mafaili yakinakiliwa, ilijikokota kwenye ishirini na tano, pengine pungufu. Naye alikuwa ameandika hivi: kitufe kikishikiliwa, kwa muda wa moja ya tano ya sekunde, kila picha inapochorwa msukume panzi juu kidogo. Jikoni kwake, ndani ya muda huo, panzi alisukumwa mara kumi na mbili. Hospitalini saa nne alisukumwa mara tano. Lakini uzito wa kumvuta chini aliunakili kutoka somo jingine, na huo ulihesabiwa kwa saa, sekunde kwa sekunde, haujali picha ni ngapi. Msukumo ulipungua, uzito ukabaki palepale. Mwashi angebana mpaka kitufe kivunjike, na bado panzi asingefika.

Alikaa na mikono mapajani. Mumewe akapita. "Imekubali?"

"Nimemwonea mtu," alisema Mama Vidole.

Mumewe alivuta kiti akaketi, taulo bado begani, akasikiliza habari yote. Mwishoni akauliza, "Inatengenezeka?"

"Programu inatengenezeka."

"Basi anza na hiyo."

Akaanza na hiyo. Akauondoa msukumo kwenye picha, akaupeleka kwenye saa. Mruko ukawa afadhali, ila bado haukuwa sawa; picha ikichelewa, panzi naye anapitiliza kidogo. Akasoma zaidi, akagundua kwamba hesabu za mruko hazipaswi kusubiri picha hata kidogo. Hesabu zifanywe mara sitini kila sekunde, kwa kipimo kimoja, picha ije isije. Mashine ikikwama, ikizinduka ifidie hatua zote ilizoziacha, moja moja, bila kuruka hata moja. Jaribio la kwanza la kuandika hivyo lilimfanya panzi azame ndani ya mapaa kama jiwe kwenye tope. La pili lilimgandisha hewani. La tatu likakubali.

Akalibeba hospitalini, akasubiri saa nne ifike, mafaili yaanze kunakiliwa. Picha zilikuwa zikikwamakwama kama kawaida. Lakini mruko wa kwanza uligusa seloteipu. Wa pili ukagusa. Alipofika wa thelathini alikuwa amesimama bila kujua. Wa hamsini ulipogusa, alifunga daftari na kuliweka kifuani.

Hakutaka kushangilia mapema, na alifanya vizuri. Wiki ileile fundi cherehani alimwita. "Mwanangu, huyu mdudu wako ana kiburi. Nimembonyeza, hakusikia."

Zamani Mama Vidole angemwambia akaze. Safari hii alitoa simu yake, akarekodi kidole cha yule mama na kioo kwa pamoja, kisha wakaitazama video wote wawili ikienda polepole. Kidole kilikuwa kimebonyeza kweli. Kilibonyeza panzi akiwa anatua, miguu yake imebakiza upana wa unywele kugusa paa. Programu ilikuwa imejiuliza, yuko chini? Hapana. Basi ikalitupa bonyezo lile kama halikutokea. Upande mwingine ilikuwa hivyohivyo: panzi akishapita ukingo wa paa kwa chembe tu, bonyezo lilitupwa.

"Kumbe nilikuwa namsemea kweli," alisema fundi cherehani.

"Ulikuwa unasema kweli kabisa, mama yangu. Mimi ndiye sikuwa nimemfundisha kukumbuka."

Akamfundisha. Kitufe kikibonyezwa mapema kidogo, programu ikikumbuke kwa moja ya kumi ya sekunde, na panzi akigusa paa tu, aruke. Mchezaji akichelewa ukingoni kwa muda kama huo, asamehewe. Lakini asamehewe kiasi gani? Hapo alikuwa mwangalifu. Akizidisha huruma, gemu itawasifia watu ambao mikono yao haijapona, na yeye ataandika uongo kwenye mafaili. Aliwaomba wauguzi wenye mikono mizima wacheze, akapandisha ule muda kidogo kidogo mpaka mkono mzima ukawa haupotezi bonyezo hata moja, akaishia hapo.

Kisha akaenda kwa mkuu wa kitengo na kumweleza yote. Mkuu alimsikiliza, akazungusha kalamu. "Lakini mbona umeshaitengeneza? Ungenyamaza, nani angejua?"

"Kuna watu wanne walicheza saa nne," alisema. "Watatu bado wanakuja, nimewaeleza leo. Mmoja ameacha."

"Utamfuata?"

"Jumamosi."

*

Nyumba ya mwashi ilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, nyuma ya karakana ya magari. Upande mmoja ilikuwa imepigwa plasta ikapakwa na rangi, upande wa pili tofali tupu. Nyumba ya fundi haiishi. Mkewe ndiye aliyefungua mlango. Alipojua mgeni ni nani, alimkaribisha ndani bila tabasamu.

Mwashi alikuwa ameketi kwenye kochi, mkono wa kulia mfukoni. Juu yake, kwenye msumari, ulining'inia mwiko wake wa kujengea, umeoshwa ukang'aa. Mke aliona mgeni anautazama.

"Haugusi," alisema. "Mwiko umekuwa mwiko kweli."

Mama Vidole alikuwa amejiandalia maneno njiani. Yote yakampotea. "Kaka yangu," alisema, "nimekuja kukuomba radhi. Siku zile panzi alipokuwa anaanguka, kosa halikuwa la mkono wako. Lilikuwa kwenye gemu, na gemu niliitengeneza mimi."

Akaeleza habari ya picha, ya mafaili, ya saa nne. Alieleza kwa maneno mepesi, bila kujitetea. Akasema pia kwamba yeye mwenyewe, kwa mkono mzima, alianguka mara tatu kwenye ukuta uleule.

Mwashi alimkazia macho. "Kwa hiyo siku zile nilibana."

"Ulibana."

"Nikashikilia."

"Ukashikilia."

"Na wewe ukaniambia nikaze."

"Nikakuambia ukaze. Sikukuamini, nikaiamini mashine."

"Wiki tisa, daktari." Sauti yake haikupanda. "Wiki tisa nimeuficha mkono huu mfukoni kama kitu nilichoiba. Hata mlango nafungua kwa kushoto."

Akainuka, akatoka uani. Walimsikia akisogeza kitu kizito, ndoo au jiwe. Mama Vidole alibaki na mikono mapajani, hajui aage au abaki. Mke wa mwashi akamletea maji ya kunywa.

"Mwache," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa imelainika. "Huyu akinyamaza ujue anapiga hesabu. Akipiga kelele ndipo ukimbie."

"Mwambie nafasi yake ipo. Saa mbili asubuhi, mashine ikiwa nyepesi, kama hataki tena ile ya saa nne."

"Nitamwambia. Ila wifi yangu," mke alisema, akimpa jina la udugu bila kuombwa, "kwa nini umekuja mwenyewe? Si ungepiga simu?"

"Nilipiga sana. Halafu nikaona jambo hili si la simu."

Jumatatu mwashi hakuja. Jumanne saa nne kamili mlango ulikwaruza sakafu, akaingia na koti lake, akaketi mbele ya kompyuta.

"Nilisema saa mbili, ukitaka," alisema Mama Vidole.

"Nataka saa ileile. Nataka nimwone panzi mashine ikiwa imechoka."

Alitoa mkono mfukoni. Vidole vilikuwa vimerudi nyuma, hakukuwa na namna ya kulificha hilo. Wiki zile za kukaa bure zilikuwa zimevikaza, na cha kati kilikunjika nusu tu. Mama Vidole alivikanda kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, robo saa nzima. Kisha kitufe.

Mruko wa kwanza panzi alianguka, na kunguru wakashuka. Wa pili akaanguka. Wa tatu akavuka ukuta wa nne, na mwashi akaguna. Walifanya ishirini. Mama Vidole alihesabu alama daftarini: saba zimevuka, kumi na tatu zimeshindwa.

Mwashi alilivuta daftari akalitazama. "Hizi kumi na tatu," alisema. "Ni zangu?"

"Ni zako."

"Zote? Hakuna ya mashine hapo?"

"Hakuna. Zote ni za mkono wako."

Akaziangalia tena zile alama. Uso wake ukafunguka polepole, akacheka, kicheko kifupi cha kwanza ambacho Mama Vidole aliwahi kumsikia. "Sasa hapo tunaelewana," alisema. "Kosa langu nalijua. Kosa la mtu mwingine ndilo lilikuwa linaniua."

Tangu siku hiyo hakukosa. Wiki ya pili zilivuka tisa. Ya tatu zikarudi nane, akanuna, lakini akaja kesho yake. Ya tano zilivuka kumi na nne. Kidole cha kati kiliendelea kuwa kaidi, na Mama Vidole alimwambia wazi kwamba huenda kisirudi chote. "Kikirudi nusu nitakifundisha kazi ya nusu," alijibu. Alianza kwenda kwenye ujenzi siku mbili kwa wiki, kazi nyepesi, kuvuta kamba na kupima usawa, na wenzake walimwita meneja kwa kuwa hanyanyui kitu.

Asubuhi moja, baada ya mazoezi, hakuinuka. Alikuwa anakitazama kioo, akikuna kidevu.

"Daktari, wewe uliniambia kosa lako. Naomba nikuambie lingine, usikasirike."

Mama Vidole akashituka. "Ameanza tena kuanguka?"

"Panzi hana neno. Ni kuta zako." Akagusa kioo. "Nani alikufundisha kujenga? Tofali juu ya tofali, ungio juu ya ungio, limenyooka kutoka chini mpaka juu. Ukuta wa hivi mtu akipiga chafya unalala. Ndiyo maana nilikuwa nahofia kumrusha huyu mdudu juu yake."

Muuguzi alicheka kwa sauti. Mama Vidole akajitetea kwamba zile ni picha tu, nani atazikagua. Mwashi akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia tusi.

"Nipe karatasi."

Akapewa karatasi na penseli. Akaishika penseli kwa mkono wa kulia, cha kati kimejikunja nusu chini yake, akachora safu ya kwanza ya tofali, kisha ya pili juu yake, kila tofali limelalia ungio la yale mawili ya chini. Mistari ilikuwa inatetemeka. Aliendelea taratibu, huku anaeleza kona hufungwaje, kwa nini tofali la nusu huanza pale, na kwa nini ukuta mrefu namna ile lazima uwe na nguzo katikati na lenta, mkanda wa zege, juu. Mama Vidole alivuta kiti karibu. Alitamani kumwambia autazame mkono wake, ila akauma midomo, kwa sababu mwashi alikuwa amekwisha fika safu ya saba na ukurasa ulikuwa unamwishia.

"Nyingine," alisema mwashi bila kuinua kichwa, mkono umenyooshwa kupokea. "Hapa sijafika hata kwenye lenta."